Watoto Waliokaa Juu ya Paa

Ema aliponipigia simu na kusema, "Dada, njoo Arusha, kuna kitu nataka ukione kwa macho yako, kwenye simu sitakieleza," nilidhani kapata mchumba. Nilifunga kitenge changu cha kanisani, nikamtia jogoo kikapuni, nikapanda basi la alfajiri. Kumbe mdogo wangu hakuwa na mchumba wa kunionyesha. Alinipokea stendi, akanipeleka moja kwa moja kwenye ukumbi wenye sakafu inayoteleza na kuta nyeupe, jogoo tukamwacha kwa mlinzi getini, akanisimamisha mbele ya picha iliyokuwa pana kuliko mlango wa nyumba tuliyokulia. Watoto watatu wamechuchumaa kwenye udongo mtupu. Hakuna ukuta, hakuna mti, hakuna mtu mzima. Wameinamisha vichwa, wanaokota punje za mtama kutoka chini. Pembeni yao kuna chungu kilichopasuka, na nyuma yake unapanda moshi mwembamba, kama wa shamba lililoungua. Picha imepigwa kutoka juu, kwa hiyo nyuso hazionekani vizuri. Zinaonekana shingo, na shingo ya mtoto ukiitazama kutoka juu siku zote ni nyembamba. Chini yake wameandika kwa herufi za kupendeza: Hawana Hata Paa.

Wa kushoto ni Safari, anayenifuata kuzaliwa. Wa katikati ni Martina. Yule mdogo aliyevaa shati la mtu mzima ni Ema, huyu huyu aliyesimama karibu yangu na kalamu mfukoni, mwalimu wa hesabu. Na pale walipochuchumaa ni juu ya paa. Ni paa la nyumba yetu, lililofunikwa udongo na baba yetu kwa mikono yake. Watu walikuwa wanapita nyuma yetu wakinong'ona kama wako msibani, mmoja akasema "masikini," na mimi nikahisi ile hasira ya zamani ikipanda. Nilidhani imekufa. Ilikuwa imelala tu.

Mwaka wa picha hiyo ndio mwaka ambao mkoa wetu ulikatwa kutoka Arusha ukaitwa Manyara. Tulilala watu wa Arusha tukaamka watu wa Babati, na kila mtu akawa na neno la kusema juu ya mkoa mpya: ofisi mpya, barabara mpya, mashirika mapya yenye magari meupe. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki wote wawili, na namna walivyofariki si habari ya hapa. Habari ya hapa ni kwamba mimi, Natalia, mkubwa wao, nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili moto wa nyumbani usizimike, na haukuzimika. Nasema hivyo bila kujisifu. Moto ukizimika kwetu, ndugu wanakuja kugawana watoto kama wanavyogawana mbuzi, mmoja huku, mwingine kule, na miaka ikipita watoto hao wanasalimiana mnadani kama wageni. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nakipigania mwaka ule. Wadogo zangu walale chini ya paa moja.

Na paa lenyewe lazima nilieleze, maana bila hilo huwezi kuelewa kwa nini mtu mzima anaweza kupandwa na hasira hivyo mbele ya picha. Nyumba yetu ilikuwa tembe la zamani, kwenye mteremko, upande wa Tumati. Wazee wetu walijenga hivyo enzi za kuibiwa ng'ombe. Walichimba ubavu wa kilima, wakasimamisha nguzo, wakalaza miti, wakafunika kwa nyasi na udongo mpaka paa kwa nyuma likaungana na mlima. Ukija kutoka bondeni unaona mlango, ukuta, kuni zimepangwa, nyumba kama nyumba nyingine. Ukija kutoka juu huoni kitu. Unaona kilima kinaendelea. Mbuzi wanapanda kula majani yaliyoota juu yake, na wewe uliye ndani unadondokewa na vumbi kwenye uji. Mwizi aliweza kupita juu ya nyumba yenye ng'ombe, mke na watoto, akaenda zake asijue amekanyaga nini. Wakati ule wengi walikuwa wameshahamia nyumba za bati, na matembe kama letu yalikuwa yamebaki machache, lakini sisi tulilipenda. Mchana wa jua kulikuwa na ubaridi ndani, na wakati wa baridi ya mwezi wa saba tulilala bila kutetemeka.

Kazi yangu ilikuwa studio, kwa Mzee Tarmo, pale senta, ng'ambo ya uwanja wa mnada. Nilifagia, nilikata picha pembeni kwa mkasi wenye meno, nilimshikia mtoto anayelia, na polepole akanifundisha kupiga. Biashara ilikuwa imefunguliwa wakati ule, kila mtu anauza kitu: mitumba, betri, redio, mikanda ya picha za rangi iliyokuja kwenye mabegi ya wachuuzi. Studio ilikuwa chumba kimoja. Ukutani kulikuwa na pazia alilolichora Mzee Tarmo mwenyewe, barabara ya lami inayokwenda mbali, pana huku mbele na nyembamba kule mwisho, na nguzo za umeme zinazidi kuwa fupi. Umeme wenyewe haukuwa umefika kwetu. Lakini kitu ambacho sijakiona studio nyingine yoyote ni shimo. Katikati ya sakafu alikuwa amechimba shimo lenye kina cha goti, amelisakafia vizuri, na mpiga picha alisimama humo. Wageni walicheka wakiona. Mzee Tarmo hakucheka.

"Mzee ukimwamkia unainama, huinami?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Nainama."

"Basi kwa nini kamera isiiname? Mtu haangaliwi kutoka juu. Ukimwangalia kutoka juu umeshamhukumu kabla hajasema jina lake."

Na kwa mtoto alipiga magoti mle mle shimoni, mpaka kamera ikafika usawa wa macho ya mtoto, akasubiri. Alisubiri sana. Alisema mtoto huja mwenyewe kwenye uso wake, huwezi kumwita.

Siku za mnada walikuja wafugaji kutoka tambarare za Hanang, kutoka Gehandu na kwingine, wanaume warefu wenye mashuka na wake zao wenye bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko. Namkumbuka mmoja aliyekataa kusimama mbele ya pazia. Aliitazama ile barabara iliyochorwa, akaisogelea, akaigusa kwa fimbo.

"Barabara hii imebana kule mwisho," alisema. "Ng'ombe wangu watakwama."

"Haijabana, rafiki yangu," Mzee Tarmo akamjibu. "Inaonekana hivyo kwa sababu ni mbali."

"Nikifika kule itakuwa pana?"

"Itakuwa pana."

"Na huku nilikotoka itakuwa imebana?"

"Ukitazama kutoka kule, ndiyo."

Yule baba alifikiri, kisha akamwambia mkewe kwa lugha yao, wakacheka wote wawili mpaka bangili zikalia. Mkewe yeye alikuwa na sharti moja tu. Picha ikitoka aone miguu yake. Aliwahi kupigwa picha na mtu mwingine akakatwa kiunoni, akaenda kuitupa. "Miguu yangu aliipeleka wapi?" alisema. "Nilitembea kwa miguu kuja kwake." Hakuwa peke yake. Kwetu sote, wa milimani na wa tambarare, picha ya nusu ilikuwa ya kitambulisho au ya msiba. Picha ya heshima ilikuwa na mtu mzima mzima, kuanzia kichwani mpaka vidole, na kama ana ng'ombe, na ng'ombe.

Kwenye chumba hicho ndiko alikoingia Bwana Edgar. Kijana wa mjini, mpole, shati la mifuko mingi, kamera mbili shingoni. Alisalimia vizuri, siwezi kumsingizia. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Alitaka mkanda wa rangi. Mzee Tarmo alipogeuka kuutoa, yule kijana akarudi nyuma hatua moja kutazama pazia, akatumbukia shimoni.

"Jamani! Nani anachimba kaburi ndani ya studio?"

"Mwenye studio," Mzee Tarmo alisema. "Pole. Wapiga picha wengi hawaangalii waliposimama."

Edgar alicheka, akajipangusa, kisha akauliza kwa sauti ile ile anayoulizia mtu bei ya viazi: "Halafu mzee wangu, huku wapi naweza kupata yatima?"

Nilikuwa nakata picha mezani. Mkasi ukasimama.

"Unawataka kwa kilo au kwa debe?" Mzee Tarmo aliuliza.

"Hapana mzee, usinielewe vibaya. Kuna shirika linatengeneza kalenda ya mkoa mpya. Wanajenga makao ya watoto Babati. Wanataka picha zinazogusa."

"Piga ng'ombe. Nao wako mkoa mpya."

Ingeishia hapo. Lakini barazani alikuwa amekaa Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, anakunywa soda, na Baba mdogo hakuwa mtu wa kusikia neno "shirika" akabaki amekaa. Alimfuata Edgar nje. Niliwaona kupitia dirishani wakizungumza kwenye kivuli cha lori, Baba mdogo akionyesha kwa mkono upande wa kwetu.

Walikuja Jumapili. Mtama wetu ulikuwa umeanikwa juu ya paa, ndiyo mahali petu pa kuanikia siku zote, na kazi ya watoto baada ya kanisa ilikuwa kukaa pale kufukuza ndege na kurudisha punje zinazotawanyika. Mimi nilikuwa chini yao, jikoni, nasonga ugali. Mara vumbi likaanguka begani. Nikasikia hatua juu, na hazikuwa za watoto. Zilikuwa za viatu. Walikuwa wameshuka kutoka njia ya juu, na tembe halifichi sauti, kila neno liliniingia kama liko ndani ya sufuria.

"Hawa hapa," ilisema sauti ya Baba mdogo.

"Vizuri. Vizuri sana. Msinitazame mimi. Endeleeni kuokota hivyo hivyo. Wewe mdogo, inama. Inama zaidi."

"Dada yuko..." Martina alianza.

"Nyamaza kidogo, mtoto mzuri. Usinyanyue uso."

Kisha ile sauti ya kamera, ninayoijua kama sauti ya mlango wetu. Tena na tena. Ugali hauachwi ukiwa karibu kuiva, kwa hiyo nilisonga haraka nikiwa nimeinua shingo, na ninapofikiri sasa naona jinsi nilivyokuwa, mwiko mkononi, macho juu, nikitazama upande wa ndani wa ule udongo ambao yeye alikuwa anautazama kwa nje.

Nilipotoka, walikuwa wanashuka kuzunguka nyumba, na Baba mdogo akasema, "Huyu ndiye mkubwa wao." Nikamwamkia Baba mdogo, nikamkaribisha mgeni. Ungefanya nini? Mtu amefika mlangoni wakati wa chakula. Nilimpa kigoda karibu na moto, nikamnawisha, nikamwekea ugali, majani ya maboga na maziwa mgando ya ng'ombe wetu mmoja aliyekuwa anakamuliwa. Alikula vizuri. Alisifu ubaridi wa ndani. Alinyanyua macho akatazama nguzo na miti ya dari iliyong'aa kwa moshi wa miaka, akasema, "Kumbe ni nyumba imara kabisa." Maneno hayo aliyasema kwa mdomo wake, akiwa na maziwa kwenye mdomo huo. Kisha akaomba aongezwe ugali, nikamwongeza.

Baada ya kula nilimwomba atupige picha ya mlangoni, sote wanne, miguu ionekane. Nilimwonyesha asimame wapi: chini kidogo, kwenye jiwe la kunolea, achuchumae, ili mlango na paa viingie. Alikubali kwa moyo mweupe. Safari alikimbia kunawa uso. Ema nilimbadilisha shati. Tulisimama, tukapigwa, na Edgar akasema ameipenda.

Kalenda ilifika vuli. Niliiona kwanza zahanati, imepigwa misumari juu ya benchi la kusubiria. Picha ya wadogo zangu ilijaza ukurasa mzima wa mwezi, na chini yao maneno kwamba watoto hawa hawana mtu, hawana nyumba, wanaishi kwa kuokota punje barabarani. Niliisoma mara mbili nikidhani darasa la sita limenidanganya. Muuguzi aliyekuwa pale alikuwa jirani yetu. Nikamwuliza, "Dada, wewe unatujua. Ni kweli hii?" Akasema, "Natalia, si wamesema watasaidia? Acha wasaidie." Nikaugeuza ukurasa kwenye mwezi mwingine, uliokuwa na picha ya mlima Hanang. Nilipopita wiki iliyofuata walikuwa wameurudisha, maana pale ilitazamwa picha, si tarehe. Nikaugeuza tena. Tuliendelea hivyo mpaka mwaka ukaisha, mimi na kalenda. Dukani nako ilikuwepo, na ofisi ya kata. Watu waliokuwa wakinunua mtama kwetu, kwa debe, wakaanza kututazama kwa huruma. Safari alirudi kutoka shule na mdomo umevimba. Wenzake walikuwa wamemtupia mahindi chini wakimwambia, "Okota."

Kisha ikaja habari yenyewe. Shirika litawachukua Martina na Ema kwenye makao ya Babati. Safari ataenda kwa Baba mdogo kuchunga. Mimi nilikuwa mkubwa, nitaolewa. Shamba na tembe vitakuwa mikononi mwa Baba mdogo, na mnunuzi mmoja wa vitunguu saumu alikuwa ameshaonekana akilitembelea shamba letu, anavunja mabonge ya udongo kwa vidole na kuunusa. Vitunguu saumu vilikuwa vimeanza kutafutwa sana miaka ile. Kila mteremko uliokuwa unalisha watu ukawa unaangaliwa kwa jicho lingine. Nilimwendea Baba mdogo nyumbani kwake, nikamwambia sikubali. Akanijibu bila ukali, na upole ule ndio uliniudhi zaidi: "Mwanangu, si mimi ninayesema. Hata kalenda inasema."

Siku ya kikao cha ukoo cha kuliamua jambo hilo, gari la shirika liliegeshwa njia ya juu. Mama mratibu, mwanamke mnene mwenye uso wa ukarimu, alishuka mteremko akiwa ameshika viatu mkononi kwa sababu ya umande. Wazee wa ukoo walikuwa wameshakaa uwanjani mbele ya mlango wetu, kwa hiyo walichokiona ni yule mama akitokeza juu ya vichwa vyao, amesimama, anageuka huku na huku.

"Habari za asubuhi wazee wangu, shikamooni! Nyumba yenyewe iko wapi?"

"Mama, umesimama juu yake," alisema Safari.

"Taratibu, usirukeruke," mzee mmoja akaongeza. "Kuna ndama ndani."

Wazee walicheka mpaka wakafuta macho. Yeye pia alicheka, akazunguka, akashuka, akaketi. Nilimpa maziwa. Nikamwuliza kwa adabu, maana nilitaka kweli kujua, kama picha ya mlangoni aliiona.

"Niliiona. Nzuri sana ile. Ndiyo sababu haikuchaguliwa, binti yangu." Alinishika mkono. "Mlikuwa mmependeza mno. Nani angetoa kitu?"

Nimeishi na jibu hilo mpaka leo. Hakukuwa na uovu usoni mwake. Alinieleza kama mtu anavyoeleza kwa nini chumvi inatiwa kwenye mboga. Tulikuwa tumepigwa picha mbili, moja ya kweli na nyingine yenye manufaa, naye alichagua, akalala usingizi. Na anayechagua hakosi sababu nzuri.

Baba mdogo alisimama akazungumza. Alisema ameumia kuona watoto wa kaka yake hawana mwangalizi. Alisema msichana ni msichana. Mwisho akatoa kalenda kwenye mfuko wa plastiki, akaikunjua, akamkabidhi Mzee Bura aliyekuwa mkubwa wa kikao. Mzee Bura alikuwa mtu mkorofi, asiyependa vikao, na asubuhi ile alikuwa amelalamika tangu kufika kwamba ng'ombe wake hawajanywa maji. Sikumtegemea. Aliichukua kalenda, akainyoosha mbali na macho, akaisogeza, akaipeleka mbali tena.

"Hili ni paa la marehemu," alisema.

"Ndiyo, mzee, lakini..."

"Hiki ni chungu cha moshi. Kilipasuka kwangu, nikampa baba yao akaweke juu ya paa, kwenye tundu la kutolea moshi wa jiko." Aliweka kidole kwenye picha. "Na mtama umekauka vizuri. Huu mwingine ni nini? Moshi?"

Baba mdogo alianza kukunja ule mfuko wa plastiki.

"Nakuuliza wewe uliyekuwepo. Moshi unatoka. Watoto wote watatu wako juu. Nani alikuwa anapika?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisikia ndama akikojoa ndani.

"Natalia," Baba mdogo akasema.

"Alikuwa anapika nini?"

"Ugali."

"Ulikula?"

"Nilikula, mzee."

"Na mgeni wako?"

"Alikula."

Mzee Bura aliikunja kalenda mara mbili, akamrudishia. "Nyumba inayotoa moshi haigawanywi. Wewe umetuletea shahidi, na shahidi amesema. Twendeni, ng'ombe wangu wana kiu."

Mama mratibu alijaribu. "Lakini wazee wangu, watoto wanahitaji maisha bora."

"Yaleteni hapa hapa," Mzee Bura alisema akiwa ameshainuka. "Njia si mnaijua? Mara hii piteni chini."

Hawakuyaleta, na sikuwangoja. Wadogo zangu walikua chini ya paa lile mpaka lilipoanza kuoza, tukajenga la bati kando yake. Baba mdogo alipunguza kuja, kisha akaanza tena, ni ndugu. Mtu anaweza kusema basi, ulishinda, hasira ya nini. Nilishinda uwanjani kwetu, mbele ya watu waliojua kuisoma picha ile. Kwa kila mtu wa kwetu moshi ule ulikuwa mtu anayepika. Lakini kalenda haikuchapishwa kwa ajili yetu. Ilikwenda kwa watu ambao wakiona udongo wanaona udongo tu, na kwao wadogo zangu waliendelea kuokota barabarani mwezi hadi mwezi, hawakunyanyua uso wala hawakwenda kulala. Hilo sikuweza kuliitia kikao.

Mzee Tarmo naye aliisikia habari. Jumapili moja alikuja kwa baiskeli na kamera yake kubwa imefungwa kwa kamba. Aliwaambia watoto wakae ukingoni mwa paa, mbele, miguu inaning'inia juu ya mlango. Mimi akaniweka mlangoni, chini ya miguu yao, na mwiko, kwa sababu ndivyo alivyonikuta. Kisha akashuka bondeni, akalala kifudifudi kwenye nyasi kwa suti yake ya Jumapili, akasubiri. Ema alipochoka kujikaza akacheka, naye akapiga. Ni watoto wale wale, paa lile lile, mtama ule ule unaonekana kidogo pembeni. Picha hiyo ipo sebuleni kwangu. Mzee Tarmo amefariki siku nyingi. Studio yake sasa ni duka la simu, na shimo wamelijaza zege. Nilipoliona limesakafiwa nilikaa barazani kwa muda, sikuweza kuingia.

Nilikuwa nafikiria hayo pale ukumbini Arusha wakati binti mmoja mwenye beji kifuani alipokuja na kundi la wageni. Alisimama kando yetu. "Hii ni moja ya picha zinazopendwa sana," alisema kwa sauti nzuri. "Watoto hawa walikuwa peke yao kabisa. Mpiga picha aliwakuta wameachwa, hawana mtu."

"Nani kakuambia?" niliuliza.

"Samahani, mama?"

"Kwamba hawana mtu. Nani kakuambia?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

Ema alinishika kiwiko. Nikautoa mkono wake polepole, nikaisogelea picha, nikaweka kidole kwenye ule moshi.

"Mama, tafadhali, picha haiguswi."

"Sijagusa picha. Nimejigusa mwenyewe. Huyu ni mimi."

Alinitazama, akatazama kidole. Wageni walisogea karibu. Yule binti alikuwa mdogo, kama nilivyokuwa mimi mwaka ule, na nilimwona akitafuta mtu ndani ya moshi, kwa bidii, amekunja uso.

"Wapi, mama? Mbona simwoni mtu?"

"Hapo walipochuchumaa ni juu ya paa. Ni nyumba, imechimbwa ndani ya kilima, nami nimo ndani. Mwambie aliyeandika sitaki aiondoe. Aandike nani alikuwa chini."

Ema akasema kwa sauti ndogo, "Yule mwenye shati kubwa ni mimi." Binti akamtazama mwalimu yule mrefu, akatazama ile shingo nyembamba ukutani. Kisha, sijui kwa nini, akachuchumaa, akaitazama picha kutoka chini, kama anayetafuta mlango.

"Ulikuwa unafanya nini humo ndani, mama?"

"Nilikuwa nawapikia. Ugali. Na mpiga picha alikula, akaomba aongezwe."